Mikono Nyuma, Mbele ya Mwamba

Isebe, Kondoa
22 Juni 2024

Mpwa wangu Nasra,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Idi imepita salama kwetu, alhamdulillahi. Mbuzi alikuwa mmoja na walaji wengi, lakini hakuna aliyeondoka na midomo mikavu. Bibi yako anakula vizuri, analala vizuri, na anagomba vizuri. Juzi kamfukuza kijana aliyekuja kuchanja kuku, eti hana salamu. Mwambie dada yangu Sikudhani kwamba ulezi wake tumeshauweka kwenye gunia, na umwambie shemeji Hassani avae ile miwani anapochomelea mageti huko Kizota. Macho hayana spea.

Sasa nikuambie langu.

Unajua kazi yangu hapa mlimani. Miaka yote hii mimi ni mlinzi wa michoro tu: nafukuza mbuzi mapangoni, nafukuza watoto wenye vipande vya mkaa, nafungua kamba mgeni akija na mwongozaji wake kutoka mjini. Sasa ofisi ya mambo ya kale inataka mwongozaji wa kudumu, mtu wa hapahapa, na wamesema hata mlinzi anaweza kuomba. Nimeomba. Mtihani ni mwezi wa kumi. Hakuna karatasi wala kalamu. Mtahini atakuja na mgeni asiyejua Kiswahili, nami niwatembeze mapango yote matatu kwa Kiingereza. Nikipita, ndiyo kazi yangu mpaka nguvu ziniishe. Nikishindwa, ataletwa kijana mwenye cheti, na hata huo ulinzi sijui kama utabaki.

Kiingereza cha kuamkiana ninacho. Majina ya wanyama ninayo, twiga mpaka nungunungu. Kinachonishinda ni yale maneno madogo ya kusema kitu kiko wapi. Na hapo ndipo penye mtihani wenyewe, Nasra, kwa sababu mchoro huugusi, huuelekezi kwa fimbo, wala hupeleki kidole karibu. Kuna mwongozaji mmoja zamani fimbo yake ilimkwangua twiga shingoni, na kovu lipo mpaka leo. Kwa hiyo unasimama nyuma ya kamba, mikono nyuma kama mtu anayesubiri hukumu, na unamwonesha mgeni kwa mdomo: yule, chini ya yule mwingine, kati ya wale wawili, kushoto kwa ufa. Michoro yenyewe imefifia, mwekundu juu ya mwekundu. Mgeni asipouona, umeshindwa.

Sisi tunasema "mwambani" yakaisha. Macho ya msikilizaji yanamalizia. Waingereza naona hawamwachii mtu kazi hiyo.

Nifundishe, mpwa wangu. Ila uniandikie, usinipigie. Mlimani simu haishiki, na maneno ya simu kwangu yanaingia sikio hili yanatokea lile. Karatasi nitaikunja niende nayo kazini. Mpe mwanangu Habibu, siku basi lao likilala Dodoma.

Mjomba wako,
Abubakari


Miyuji, Dodoma
3 Julai 2024

Shikamoo mjomba,

Bibi naye mpe shikamoo yake peke yake, ya kupiga magoti. Habibu alileta barua yako imekunjwa kama hirizi, mama akadhani umemtumia dawa ya mguu. Mguu umepungua uvimbe. Anashinda uani anachambua choroko na kuwasema majirani. Baba miwani anaivaa, ila kwenye paji la uso.

Na mimi nina habari: nimepata kazi! Ofisi ya kutembeza watalii, ndogo, gari lenyewe moja. Napokea simu na kupanga ratiba. Bosi wangu anaitwa Octavian, maneno mengi lakini si mtu mbaya. Niombee.

Haya, darasa. Shika maneno matatu kwanza, mengine yatafuata.

"In" ni kitu kilichozungukwa. Ulezi ukiwa kwenye kihenge, uko "in".

"On" ni kitu kilichougusa uso wa kingine na kuushika. Ulezi uleule Bibi akiuanika juu ya paa la tembe, uko "on". Lakini usidhani ni lazima kipande juu. Nzi akitua ukutani, naye yuko "on the wall". Hilo shika sana, kwa sababu michoro yako yote ni nzi ukutani.

"At" usifikirie ndani wala juu. Ni mahali tu, kama alama. Wanawake wako "at the well". Hawamo kisimani, Mungu apishe mbali, wala hawakukikalia. Wapo pale.

Zoezi: andika kwa Kiingereza michoro mikubwa ya kila pango, na kila mmoja uko wapi. Na lile pango dogo usilisahau, lile Bibi alikonipeleka nikiwa mdogo, tukapita kwa mstari katikati ya mawe mawili. Nakumbuka kulikuwa na kitu ukutani, ila nilikuwa nyuma ya makalio ya watu wazima, sikuona vizuri. Niandikie nalo.

Mpwa wako,
Nasra


Isebe, Kondoa
21 Julai 2024

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Hongera ya kazi. Nimekuombea baada ya Ijumaa, na Bibi yako kakuombea kwa namna yake, amekaa kitandani anataja majina ya ukoo mzima kama mwenyekiti anayeita mahudhurio. Baridi mwaka huu imetukamata. Kuku wanalala wamebebana.

Somo lako nimelipokea na nyumba nzima inalijua. Nafanya mazoezi jikoni, mikono nyuma, namwambia mama Habibu vitu viko wapi.

Nikamwambia, "The salt is on the shelf, behind the pot."

Akageuka. "Baba Habibu, umefungwa pingu?"

"Nakuonesha chumvi kwa mdomo."

"Nimepika jiko hili tangu Habibu hajazaliwa, leo nioneshwe chumvi? Inyooshe hiyo mikono uniletee kuni."

Basi nikaleta kuni. Ziko "on the fire" sasa.

Zoezi ni hili. Pango la kwanza: "The giraffe is in the rock. Two men are between the giraffe and the eland. One man is under the eland." Pango la pili: "The long people are in the top of the rock." Pango la tatu: "The bird is on the tree. The circle is at the corner."

Hapo kwenye twiga nilisita sana. Nikamsomea mama, bibi yako, nikamweleza tofauti ya "in" na "on" kwa mfano wako wa ulezi. Akasema, "Mwambie Nasra mvua ikipiga mwamba wanatoka, kiangazi wanarudi ndani. Sasa hivi ni kiangazi." Nikaacha "in", kwa heshima yake.

Jambo moja limenikalia kichwani, nikuambie wewe maana hapa nitachekwa. Sisi tuna pale, na kule, na mle. Ukimwambia mtu "pale", umemshika mkono ukampeleka. Ukimwambia "kule", umemwambia kweli lakini umemwacha hapohapo alipo. Watu wazima wetu wanajua kuchagua. Mgeni mkorofi akiuliza kisima kiko wapi anaambiwa "kule", na hakuna aliyesema uongo.

Sahihisha kwa kalamu nyekundu, sitaudhika.

Mjomba


Miyuji, Dodoma
8 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Mji umejaa vumbi na wageni wa Nanenane, nyumbani tumelaza binamu wawili sebuleni. Mama anauliza kama Bibi bado anakohoa.

Umefanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na sisemi kwa kukupamba. Masahihisho:

Twiga ni "on the rock". Bibi namheshimu, lakini mtahini si Bibi.

Watu warefu ni "at the top".

Ndege: Waingereza wanasema "in the tree", kwa kuwa matawi yamemzunguka. Tunda ndilo liko "on the tree", limeshikana nao. Najua, najua. Usinitazame hivyo.

Duara: kona ya picha ni "in the corner". "At the corner" ni kona ya barabara, pale bodaboda wanapokusubiri.

Sasa, mjomba, lile pango dogo hukuliandika. Najua ulisahau. Niandikie: liko upande gani wa mlima? Gari likiachwa barabarani ni mwendo mrefu? Mwanga unaingia asubuhi au jioni? Na ukutani kuna nini hasa? Ni mazoezi mazuri, yana maneno yote: "behind", "between", "through".

Nasra


Isebe, Kondoa
14 Septemba 2024

Nasra,

Assalaam alaykum. Hatujambo. Kikohozi cha Bibi kimepungua. Maulidi imekaribia, vijana wanakarabati dufu. Maji ya bomba yamekatika tena.

Masahihisho nimeyapata. Ndege na tunda nimewaelewa.

Mazoezi ya mapango matatu yananitosha.

Mjomba


Miyuji, Dodoma
24 Septemba 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Baba hajambo, mama hajambo, mguu hajambo. Sitaki kurefusha salamu, maana barua yako ilikuwa fupi na mimi najua kwa nini barua zako zinakuwa fupi. Ulimwandikia mama barua kama hiyo mwaka ule alipotaka kuuza shamba la babu. Bado ameitunza.

Basi nikuambie ukweli wangu, labda nawe utaniambia wako.

Octavian anatafuta sehemu mpya. Watalii wanaokuja Kondoa wote wanapelekwa kulekule, kila kampuni. Akasema mbele ya ofisi nzima kwamba atakayeleta mahali ambapo wengine hawapajui, ataacha simu na ratiba, ataongoza safari zake mwenyewe. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu kuna pango ambalo halimo katika kitabu chochote, na mjomba wangu ndiye anayelinda mlima. Alifurahi mpaka akaninunulia soda.

Nilipokuuliza kwa njia ya zoezi sikuwa nakudanganya, mazoezi yalikuwa mazoezi. Lakini sikukuambia yote. Nilidhani ukiandika tu, kama ulivyoandika mengine, nami nikawa nayo, haitakuwa kitu.

Kama pana ubaya, niambie ni upi. Nimesoma mpaka chuo, mjomba, nimekaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri kazi. Na sasa kila Jumatatu Octavian ananiuliza, "Nasra, pango letu vipi?" Ameshaliita letu.

Mpwa wako,
Nasra


Isebe, Kondoa
3 Oktoba 2024

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikakasirika, ya pili nikakuonea huruma, ya tatu nikajiuliza mimi nakuficha nini kwa ukali kiasi hiki. Mbuzi amezaa mapacha. Haya, salamu zimekwisha.

Swali lako kwanza. Siwezi kukuambia ukutani kuna nini, kwa sababu sijui. Kule wanaume hatuingii. Nilibebwa mgongoni kwa mama nikiwa mchanga, na tangu nilipoanza kutembea sijavuka yale mawe mawili. Mimi ni mlinzi wa mahali ambapo sijawahi kupaona.

Pili, na hili sijamwambia mtu. Unakumbuka ulipopelekwa ulikuwa mwaka wa njaa. Ulidhani mambo yale yamekwisha. Hayajaisha. Mvua ikichelewa, wanawake wazee wanapanda alfajiri na unga wa ulezi na maji, wanaupaka mwambani, wanaomba. Na anayetangulia ni bibi yako.

Bibi yako, Nasra. Anayefunga Ramadhani mpaka leo na Mungu amemruhusu asifunge. Ambaye msikitini akina mama wanampisha mkeka. Imamu wetu kwenye hotuba amesema mara ngapi kuhusu mambo ya kuomba kwenye mawe, na mimi nimekaa safu ya pili naangalia vidole vyangu vya miguu. Mimi siombi mwambani. Naomba msikitini, na naamini hivyo. Lakini ni mama yangu. Siku wanapopanda natangulia mlimani kabla yao, nafukuza wachunga mbuzi mapema. Wakishuka, nafagia unga ulioanguka njiani kwa tawi.

Sasa fikiria gari la Octavian. Wageni wanaingia na kamera, wanakuta unga ukutani. Wanauliza, "Nani kaweka?" Picha zinazunguka, zinafika hapa kijijini kwenye simu za vijana. Mama yangu ana miaka mingapi imebaki? Imalizike hivyo?

Na ofisi nayo. Unga na maji juu ya michoro, kwao ni uharibifu. Wakijua watafunga njia kwa waya.

Kwa hiyo nilinyamaza. Si kwamba sikupendi, wala si kwamba sitaki upande cheo. Mtihani ni tarehe ishirini na nne. Niombee nisiulizwe.

Mjomba wako


Miyuji, Dodoma
12 Oktoba 2024

Shikamoo mjomba.

Barua yako sikumwonesha mama, nimeilalia.

Leo nimemwambia Octavian hakuna pango. Hapana, nisikuongopee: nimemwambia lipo na sitampeleka. Aliniuliza sababu, nikasema ni la familia. Akasema, "Nasra, mlima una familia?" Wenzangu wakacheka. Safari amepewa Tumsifu, mwenzangu wa meza ya pili, yeye kaleta bwawa lenye ndege huko Mpwapwa. Mimi nimerudi kwenye simu. Nililia kidogo chooni, sasa nimemaliza.

Siku ya mtihani usikimbie. Anza na kitu kikubwa ambacho mgeni ameshakiona, ndipo umtoe hapo hatua kwa hatua mpaka kwenye kidogo. Ukiona hamjaelewana usirudie neno lilelile, badilisha njia.

Allah akufungulie ulimi.

Nasra


Isebe, Kondoa
29 Oktoba 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Joto limeanza, na mawingu yanakuja kututazama halafu yanaondoka. Bibi yako kanituma nikuulize kwa nini siku hizi hupigi simu. Mpigie.

Kwanza nikushukuru. Ulichokiacha kwa ajili yetu nakijua ukubwa wake. Sikuwa na la kuandika, nikasema nitaandika baada ya mtihani.

Mtahini alikuwa mama mmoja anaitwa Priska, mnene kiasi, viatu vya kazi, kofia ya majani. Mgeni wake kijana wa Kizungu mwenye miwani mizito, nikasema yaa Rabi, umenipa na asiyeona. Tukasimama pango la kwanza. Mikono nyuma. Nikaanza na ufa mkubwa kama ulivyosema, nikamtoa kwenye ufa nikampeleka kwa twiga, kutoka kwa twiga nikamshusha kwa wale watu wawili. Akatazama. Akainamisha kichwa. Kisha akasema "Oh!" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegusa maji ya baridi. Nasra, kabla ya siku ile sikuwahi kumwonesha mtu kitu kwa mdomo tu akakiona. Nilitaka kumkumbatia.

Pango la pili nilichafua. Nilisahau "at the top", nikasema "on the head of the rock". Mama Priska akaandika kitu. Yule kijana alitafuta kichwa cha mwamba huko nje. Nikabadilisha njia, nikasema "high, higher", akawaona. La tatu lilienda vizuri, na ndege wako alikuwa "in the tree" bila ubishi.

Tulipokuwa tunashuka, mama Priska akasimama. Njia ya mawe mawili, unaijua, imekanyagwa mpaka inang'aa. Na kwenye jiwe la kushoto kulikuwa na unga. Kumbe walikuwa wamepanda juzi yake, mimi nikiwa Kondoa mjini kununua shati la mtihani, sikufagia.

Akauliza, kwa Kiswahili sasa, "Mzee Abubakari, hii njia inakwenda wapi?"

Nilitaka kusema "kule". Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliyeuliza ni mtu wa kazi aliyenipa heshima yangu tangu asubuhi, na nikajua "kule" kwa siku ile ingekuwa uongo uliovaa kanzu.

Nikasema, "Kuna pango nyuma ya mawe haya. Mimi sipeleki watu."

"Kwa nini?"

"Si la kuoneshwa. Wapo watu wanaomba humo. Mimi mwenyewe sijaingia."

"Wanaweka unga ukutani?"

"Sijaona ukuta. Ila unga wanapanda nao."

Akaangalia jiwe, akaniangalia mimi. "Unajua naweza kukuangusha kwa hili? Mwongozaji anatakiwa atoe taarifa."

Nikamwambia najua, na kwamba ndiyo nimeshatoa. Yule kijana aliuliza tunaongea nini, akajibiwa "later".

Matokeo bado. Sijui nimemlinda mama au nimemuuza. Usiku nikifumba macho naona waya.

Mjomba wako


Miyuji, Dodoma
9 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Bibi nimempigia, tumeongea mpaka salio likaisha. Hakutaja pango nami sikutaja. Aliniuliza nimepata mchumba, nikasema bado, akasema nisichague sana lakini nisichague kidogo.

Nina swali moja tu. Umeniandikia unavyomficha Bibi kwa imamu, kwa ofisi, kwa wageni, kwa vijana wenye simu. Katika barua zote sijaona mahali ulipomuuliza yeye kama anataka kufichwa.

Mwambie, mjomba. Kabla ofisi haijaja kumwambia.

Nasra


Isebe, Kondoa
9 Desemba 2024

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Mama Habibu mzima, mapacha wa mbuzi wameachishwa, na mimi nina shati la kijani lenye nembo kifuani. Nimepita, Nasra. Si kwa kung'ara, ila nimepita: mwongozaji wa mapango matatu. Barua ya ofisi ilikuwa na kifungu cha mwisho, kwamba mama Priska atakuja kuliona la nne, na nimwandae mhusika.

Mhusika. Niliibeba barua hiyo mfukoni wiki nzima. Kila nikimkuta mama, kama hayuko kwenye mswala yuko kwenye tasbihi. Mwisho nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikasema yote: ofisi, unga, imamu, aibu. Nilisema nikiangalia chini.

Akasema, "Aibu ya nani?"

"Yako, mama. Imamu akijua..."

"Imamu?" Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji. "Unga wa mwaka huu nani katwanga? Mkewe. Mwaka jana alileta na mtungi."

Nikamwambia hotuba zake zile basi ni za nini.

"Ni hotuba. Yeye ana kazi yake, nasi tunamwomba Mola yuleyule, tena tunaanza na Bismillahi. Akituuliza tutamjibu. Hajauliza. Mwanaume mwenye akili anajua mahali pa kutouliza."

"Mbona hamkuniambia? Mimi nafukuza wachunga mbuzi tangu giza, nafagia unga njiani kama mwizi!"

Akanishika kichwa, Nasra, kama mtoto. "Tulikuona. Tulikuwa tunajificha nyuma ya mti mpaka umalize kufagia, usijue tumekuona. Tukasema tumwache, anatupenda, tusimharibie."

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyojisikia. Miaka yote hiyo nilidhani namlinda mama na macho ya watu, kumbe watu wote wanajua, na aliyekuwa analindwa ni mimi. Imani yangu haijabadilika, bado siombi mwambani, na nimemwambia hivyo. Akasema hakuna aliyenialika.

Alhamisi mama Priska akaja peke yake, bila mgeni. Mama akampokea hapa nyumbani, akamtazama viatu, akampa ndala zake mwenyewe. Wakapanda, mama ameshika bega langu mpaka kwenye mawe mawili, kisha akaliacha akashika la mama Priska. Kabla hawajaingia nikamsikia akimuuliza, "Unga mnataka tuuweke wapi, kama si ukutani?" Mama Priska akachora kwa ncha ya ndala, chini, mbele ya mwamba. Mama akafikiria. "Pale panatosha," akasema. "Mwamba hauna kiwiko, lakini utainama kuuchukua." Wakacheka kidogo. Kamba itafungwa ndani, chini ya njia litawekwa geti, na ufunguo wake watakaa nao wanawake wenyewe.

Mama anasema uje likizo, wewe peke yako. Hatakuonesha kwa ajili ya Octavian, atakuonesha kwa sababu mara ya kwanza hukuona vizuri. Ukirudi Dodoma usiniambie kuna nini.

Waliingia, na mimi nikabaki nje na shati langu la kijani. Walikaa humo muda mrefu. Niliwasikia wakicheka tena, mama yangu na mtahini wangu, kicheko cha watu waliojuana zamani, na sikujua wanacheka nini. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe mlima huu kuulinda, sikuona kama ni kazi yangu kujua. Nikavua kofia nikakaa kivulini, nikawasubiri.

Mjomba wako anayekuombea,
Abubakari